Holotaipu siyo "mfano bora", jamani

Hili neno zamani lilikuwa la watu wa makumbusho tu, ila siku hizi limetoka nje, waongoza watalii wanalo, walimu wanalo, hadi watangazaji wa redio wakianza kuongelea Olduvai wanalichomeka humo humo, na karibu kila nikilisikia linatumika kumaanisha mojawapo ya vitu vitatu: yule mnyama wa kwanza kabisa kupatikana, au yule aliyekamilika kuliko wenzake, au yule mwenye sifa zote za spishi yake. Vyote vitatu siyo. Mi kazi yangu ni kwenye stoo ya sampuli za wanyama, na wanafunzi wakija kutembelea swali hili haliachi kuulizwa, tena mara nyingi linaulizwa na mwalimu wao, na linaulizwa likiwa limeshapinda.

Maana yenyewe ni fupi. Mtu akiandika kwenye jarida la sayansi kwamba hii hapa ni spishi ambayo haijawahi kupewa jina, na mi naipa jina hili, basi anataja sampuli moja, kitu cha kushikika, ngozi au fuvu au samaki ndani ya chupa, na kuanzia siku hiyo lile jina linakaa juu ya sampuli hiyo. Hiyo moja ndo holotaipu. Kuna kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinazosimamia haya mambo, na tangu mwaka 2000 huwezi kutoa jina jipya la spishi bila kutaja sampuli ya kulishikilia. Zamani watu walikuwa wanataja sampuli kumi kwa mpigo au hawataji kabisa, ndo maana mara nyingine mtu wa baadaye inabidi arudi nyuma achague moja, na hiyo iliyochaguliwa baadaye inaitwa lektotaipu, ila kazi yake ni ile ile. Makumbusho nyingi zinaziwekea lebo nyekundu ili siku moto ukitokea ujue uanze kuokoa zipi.

Sasa pale watu wanapopotelea. Holotaipu inashikilia JINA. Haiwakilishi spishi. Ni kama kigingi alichofungiwa mbuzi, kigingi hakikwambii mbuzi ni mkubwa kiasi gani wala malisho yake yanaishia wapi, mwaka huu mtasema spishi inafika hadi mto ule, miaka ishirini baadaye mtu na vinasaba vyake atawaambia hapana inaishia huku, malisho yatapanuka na kubana lakini kigingi kiko pale pale. Kwa hiyo sampuli haichaguliwi kwa uzuri, na ikiwa mbovu inabaki kuwa holotaipu hivyo hivyo na ubovu wake.

Mfano unaoniudhi kuliko yote ni wa Lucy. Wote mnamjua Lucy, kule kwao Ethiopia wanamwita Dinknesh, mifupa ya kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu iliyopatikana Hadar, bonde la Afar, mwaka 1974, karibu asilimia 40 ya kiunzi kizima, umri wake kama miaka milioni 3.2, mifupa yenyewe iko Addis Ababa. Spishi yake inaitwa Australopithecus afarensis, yani wa Afar. Ukimuuliza mtu holotaipu ya afarensis ni ipi atakujibu Lucy bila hata kufikiria, na nimeshaona imeandikwa hivyo kwenye bango la maonyesho. Siyo Lucy! Ni taya la chini, linaitwa LH 4, na limetoka Laetoli, hapa hapa Tanzania, ndani ya Ngorongoro. Aliyeliona ni Maundu Muluila, mtafutaji visukuku kwenye timu ya mtafiti Mary Leakey, nalo lilipatikana mwaka 1974 huo huo. Jina la Afar limefungwa kwenye taya la Tanzania, na Watanzania wenyewe ndo tunaongoza kusema ni Lucy.

Unaweza kuuliza kwa nini, wakati Lucy alikuwepo na amekamilika hivyo. Ni kwamba jina lilipotolewa mwaka 1978 na Donald Johanson, Tim White na Yves Coppens, taya la Laetoli lilikuwa limeshaelezwa na kuchorwa kwenye machapisho kabla, mtu yeyote duniani angeweza kufungua akaona kinachoongelewa ni kitu gani, na kwa kazi ya kushikilia jina hiyo ni sifa kubwa kuliko kuwa na mbavu na nyonga. Pia walitaka kuonyesha kwamba visukuku vya Hadar na vya Laetoli ni spishi moja, basi jina likatoka kule na taya likatoka huku. Mary Leakey hakufurahia hata kidogo, mwanzoni alikuwa awe mmoja wa waandishi, akaomba jina lake litolewe. Na hoja yake siyo ya kupuuza, kati ya Laetoli na Hadar kuna zaidi ya kilomita 1,500, na taya lile ni la kama miaka milioni 3.6, yani kati yake na Lucy kuna karibu miaka laki nne.

Hapo sasa ndo uone kwa nini nakomalia hili jambo. Tuseme kesho wataalamu wote wanakubaliana kwamba wale wa Laetoli na wale wa Hadar ni spishi mbili tofauti. Nani anabaki na jina la afarensis? Kwa akili ya kawaida ungesema Lucy bana, si ndo wa Afar, si ndo maarufu, si ndo ana kiunzi. Hapana. Jina linabaki na taya la Laetoli, na Lucy ndiye atakayetafutiwa jina lingine. Wa Tanzania ataendelea kuitwa wa Afar, na wa Afar ataitwa kitu kingine kabisa, na hakuna atakayeweza kulalamika kwa sababu hivyo ndivyo kigingi kinavyofanya kazi. Ukishaelewa hapo umeelewa holotaipu, mengine yote ni nyongeza.

Ile ya "lazima awe mtu mzima mwenye sifa zote" nayo haisimami. Homo habilis, spishi nyingine ya kale ya ukoo wa binadamu, aliyepewa jina mwaka 1964 na Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier, holotaipu yake ni OH 7 ya Olduvai, na OH 7 ni mtoto, umri wake wanakadiria miaka 12 au 13, kuna taya, vipande vya fuvu na mifupa ya mkono. Hakuna aliyesema habilis wote walikuwa watoto.

Na kuna hili ambalo watu hawapendi kulisikia. Sisi wenyewe, Homo sapiens, tulipewa jina na mwanasayansi Mswidi, Linnaeus, mwaka 1758 bila kutaja sampuli yoyote, akaandika tu "jitambue" akaendelea na nyani. Mwaka 1959 mtaalamu wa mimea Mwingereza, William Stearn, akaandika kwamba kwa mantiki Linnaeus mwenyewe ndiye ashike nafasi hiyo, kwa kuwa binadamu aliyemchunguza kuliko wote ni yeye mwenyewe. Wapo wanaobishana kama ilifuata utaratibu, lakini wengi wanaichukua hivyo, na mifupa yake imezikwa ndani ya kanisa kuu la Uppsala, Sweden. Nishawahi kusikia mtu anapaza sauti kwamba kumbe binadamu "halisi" kwa sayansi ni Mswidi. Ndugu yangu, tulia. Jina limefungwa kwake, basi. Hakuna mtu anayeenda kumpima Mmakonde au Mjaluo au Mchina dhidi ya mifupa ya Uppsala aone kama wamefikia kiwango, Linnaeus ni binadamu kama wewe ulivyo, hakuzidi hata nukta. Kosa la kudhani sampuli inayoshikilia jina ni kipimo cha ubora likiingia kwenye watu linageuka sumu, ndo maana huwa silichukulii kama kosa dogo la msamiati.

Tuje kwa samaki silikanti, maana watu wa Tanga nao wana neno lao. Samaki wa kwanza kufika mikononi mwa sayansi alivuliwa Desemba 1938 karibu na mdomo wa mto Chalumna, Afrika Kusini, na meli ya kepteni Hendrik Goosen. Aliyegundua kwamba huyu siyo samaki wa kawaida ni Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ndogo ya mji wa East London. Joto la Desemba kule ni kali, samaki ana zaidi ya kilo 50, friji la kumtosha hakuna na mochwari ikamkatalia, mwisho ikabidi achunwe na kukaushwa, matumbo na nyama vikatupwa. Mtaalamu J.L.B. Smith alipofika alikuta ngozi iliyojazwa na vipande vya mifupa. Akampa jina Latimeria chalumnae mwaka 1939, na ngozi ile isiyo na kitu ndani ndo holotaipu mpaka leo. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanga wamenasa silikanti wengi wazima kabisa, wana kila kiungo, imetengwa hadi hifadhi ya bahari kwa ajili yao, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuiondoa ile ngozi kwenye nafasi yake. Kuwa kamili siyo kigezo.

Halafu wa pili, huyu ndo wa kuchekesha, alipatikana Komoro mwaka 1952, wakati wavuvi wa visiwa vile walikuwa wanamjua siku zote na wanamwita gombessa. Smith alimkuta hana pezi la kwanza la mgongoni, akasema hii ni spishi nyingine, hata jenasi nyingine (kundi la juu ya spishi), akaiita Malania anjouanae kumshukuru waziri mkuu wa Afrika Kusini, Malan, aliyempa ndege ya jeshi ya kwenda kumfuata. Kumbe pezi lilikuwa limepotea kwa majeraha tu. Yule samaki ni holotaipu halali ya jina ambalo halitumiki tena, kwa hiyo ukiambiwa kitu ni holotaipu usikimbilie hata kudhani kwamba spishi yake ipo.

Kwenye kipunji ndo mabishano yalipamba moto. Kima huyu wa nyanda za juu kusini, Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na jina lake kabla ya mtafiti yeyote kupanda mlima ule, na wawindaji ndo waliowaambia watafiti yupo. Timu nyingine, kivyake, ikamkuta Ndundulu, milima ya Udzungwa, kama kilomita 350 kutoka pale. Mwaka 2005 akapewa jina la kisayansi kwa picha. Hakuuawa hata mmoja, waliona ni wachache mno. Wenye stoo kama mimi kidogo tuzimie, holotaipu ya picha tena? Lakini kanuni zinasema ukitaja picha, unahesabiwa umemtaja mnyama aliye kwenye picha, kwa hiyo holotaipu ni kima aliyekuwa juu ya mti, akamaliza kupigwa picha akaenda zake. Baadaye dume mmoja ambaye hajakomaa vizuri alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima shambani kwa mahindi, Rungwe, sampuli ikapelekwa Field Museum, Chicago, na vinasaba vyake vikaonyesha ana undugu wa karibu na nyani wa kawaida hadi akapewa jenasi yake mwenyewe mwaka 2006, Rungwecebus. Huyu wa Chicago ndo aliyetufundisha karibu kila kitu kuhusu kipunji ni nani. Na siyo holotaipu. Mi binafsi nadhani walifanya sawa kutoua, japo najua wenzangu kadhaa hatutaelewana hapo.

Ukienda Olduvai na mwongozaji akakuonyesha nakala ya fuvu la Zinj, lile aliloliona Mary Leakey Julai 17, 1959, akasema hii ni nakala ya holotaipu ya spishi ya boisei na yenyewe iko Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, huyo amepatia, mwache aendelee. Shida inaanza akihamia kwa Lucy. Kaka, dada, hapo sema tu "Lucy ndiye maarufu kuliko afarensis wote", inatosha na ni kweli tupu, na mgeni akikuuliza holotaipu iko wapi basi nyoosha mkono kusini mwambie ilitoka Laetoli, kama kilomita 45 kutoka hapo mlipo.