Mhusika Haanzi na Sura

Vijana wengi wanaojifunza kutunga hadithi hudhani kuumba mhusika ni kutaja sura: mrefu, maji ya kunde, macho ya gololi. Sivyo. Mhusika huanza pale anapotaka kitu na kuna kinachomzuia.

Chukua binti wa miaka 14 aliyetumwa dukani kwa mangi. Anarudi, chenji imepungua shilingi 500. Mama ananyoosha kiganja. "Mangi kakosea hesabu," binti anasema, huku mkono wake ulio nyuma ya mgongo ukimpenyezea mdogo wake chapati. Hapo tumeshamjua: anadanganya, anaogopa, na anampenda mdogo wake kuliko anavyoogopa. Urefu wake hatujauuliza!

Mhusika bapa, yule asiyebadilika, naye ana kazi yake. Huyo mangi anatosha kuwa bapa. Binti hapana.