Jua kali sio sababu ya kutoa upepo

Kila msimu wa likizo ni walewale, wanaelekea Dodoma au Singida, Noah imejaa watu na magunia mpaka nyuma imekaa chini, na neno la kwanza ni fundi punguza upepo kidogo, leo jua kali tairi litabasti. Ukikataa unaonekana hujui kazi, anasogea kwa jamaa wa mbele anatolewa fasta.

Jamani. Tairi zima halipasuki kwa sababu upepo umepanda kidogo na joto. Kinachokufa ni ubavu wa tairi. Upepo ukiwa mdogo ubavu unalala na kunyanyuka kila mzunguko, na ukiwa spidi 100 hiyo ni zaidi ya mara 800 kwa dakika, chukua waya uukunje ukunjue haraka haraka halafu uguse pale kwenye kona utanielewa. Joto linatoka ndani ya mpira wenyewe, mpira unaachia nyuzi za ndani ya tairi, kinachofuata unakijua. Kwahiyo ukitoa upepo kwa kuogopa joto umeongeza joto, na huo mzigo uliobeba ndio unamalizia.

Mwingine anapima akiwa ametoka kutembea kilomita 150, anakuta PSI 37 (PSI ndio kipimo cha upepo kwenye geji), anashtuka anatoa mpaka 32. Bosi, tairi likichemka kupanda 4 mpaka 6 ni kawaida, waliotengeneza walishaihesabu! Kesho asubuhi likipoa una 27. Pima gari ikiwa imelala, au imepaki kama masaa matatu.

Namba yenyewe iko kwenye stika ya mlango wa dereva, sio ile ya ubavuni kwenye tairi, ile ni mwisho wa tairi, haijui umelifunga gari gani. Gari za Japani stika imeandikwa kPa, kipimo kingine cha upepo, usiogope, kPa 220 ni kama PSI 32, 230 ni 33. Ukijaza kupita kiasi nayo shida, linalika katikati na gari inadunda.

Sasa kama umebadilisha rimu ukaweka kubwa, stika haikuhusu tena moja kwa moja, na Noah iliyobeba kupita uwezo wake hakuna kitabu kinachoisemea, hapo hata mimi nakisia. Geji nazo, ya kwangu na ya sheli hazijawahi kukubaliana. Nunua yako, tumia hiyohiyo siku zote.

Wenye taa ya tairi kwenye dashibodi mnajiona mmemaliza. Sheria ya Marekani iliyoileta ilikuja baada ya sakata la mwaka 2000, kampuni ya matairi ya Firestone kuyaita yarudi matairi milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye gari za Ford, Ford anashauri upepo wa 26, Firestone anasema 30, wanalaumiana, na ajali nyingi zilikuwa majimbo ya joto. Ila kwa sheria hiyo taa inaruhusiwa kusubiri mpaka upepo upungue robo nzima. Yaani 32 imefika 24 ndio inakuambia.

Na naitrojeni wanayouza kujazia matairi? Hewa ya bure tayari ni 78% naitrojeni, lipia ukipenda.

Na spea pia ina upepo wake, ipimeni kabla hamjafika Gairo.