Kupunguzwa kwa Wahandisi wa Utafiti wa Magari: Maana Yake Nini?

Kampuni ya magari ikitangaza kupunguza wafanyakazi, wengi wetu tunawafikiria watu wa kiwandani, wale wanaokaza boliti. Lakini upo upunguzaji unaoanza mapema zaidi, kwenye kitengo cha utafiti na usanifu, ambako gari hubuniwa miaka kadhaa kabla halijafika sokoni.

Chukua Ford. Februari 2023 ilitangaza kufuta nafasi 3,800 Ulaya, nyingi Ujerumani na Uingereza, na 2,800 kati ya hizo zilikuwa za uhandisi. Magari ya petroli yalikuwa bado yanaundwa. Kilichopungua ni kazi ya kubuni injini mpya, kwa sababu kampuni ilishaamua kuhamia kwenye umeme.

Injini ya petroli ina pistoni, vali, krankshafti, pampu ya mafuta na ekzosi, na kila kimoja kina wataalamu wake. Yupo mhandisi ambaye maisha yake yote ya kazi ameshughulikia jinsi mafuta yanavyonyunyizwa ndani ya silinda, ili moshi usizidi kiwango cha sheria. Injini anayoijaribu huachwa ikinguruma mamia ya saa, kisha hufunguliwa na kukaguliwa nini kimelika. Mota ya umeme haina silinda wala ekzosi. Kampuni sasa inatafuta wajuzi wa betri, elektroniki na programu, na ndiyo maana inaweza kuwaaga mamia huku ikiajiri wengine. Aliyeondoka hakuharibu kazi. Kazi yenyewe ndiyo imefutwa.

Kwa nini wasifundishwe upya? Baadhi hufundishwa, na naona wangestahili kufundishwa wengi zaidi. Ila kemia ya betri ni taaluma nyingine kabisa. Ujerumani mambo haya hujadiliwa na baraza la wafanyakazi, na wengi huondoka kwa makubaliano, wakilipwa kiinua mgongo.

Kampuni zinazotengeneza vipuri vya kuviuzia viwanda vya magari nazo zimo: Februari 2025 Continental ya Ujerumani ilitangaza kufuta nafasi 3,000 za utafiti na usanifu kufikia mwisho wa 2026.

Linalonisikitisha ni kwamba soko halikwenda kwa kasi iliyotarajiwa. Mwaka 2024 Ford ilikiri kuwa lengo lake la kuuza Ulaya magari madogo ya umeme pekee ifikapo 2030 halitafikiwa. Magari ya haibridi, yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, yanaendelea kununuliwa, nayo yana pistoni, vali na ekzosi vilevile.