Yule kuku anayezurura getini kwako: maneno ya mtaa na ukweli wake

Kuna mtetea mmoja alikuwa akija getini kwangu, Tabata, Dar es Salaam, kila siku kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Rangi ya udongo, shingo tupu isiyo na manyoya, kitambaa chekundu kimefungwa mguu wa kulia. Anadonoa mabaki ya wali haraka haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni, anakunywa maji kwenye bakuli la paka, kisha huyoo, kapotelea upande wa pagala lililo nyuma ya nyumba yetu. Siku hazikupita nyingi, kila mtu mtaani akawa na lake la kusema juu yake. Mengi hayakuwa kweli, na mawili matatu niliyaamini hata mimi ninayefuga.

"Hana mwenyewe huyo, dada, chinja tu"

Hiyo ilikuwa kauli ya kijana wa bodaboda anayeegesha hapo kona, na nusu ya mtaa ilikubaliana naye. Lakini kuku wa kienyeji mjini karibu kila mmoja ana banda lake. Ufugaji wetu wa uswahilini ndivyo ulivyo: kunakucha mlango unafunguliwa, kuku anakwenda kujitafutia, magharibi anarudi mwenyewe. Unayemwona anachakura jalalani saa tano asubuhi yupo kazini.

Tena ukimtazama vizuri, mwili wake wenyewe unaeleza alikotoka. Ile methali ya "kuku mgeni hakosi kamba mguuni" watu huitumia kuwasema wageni, lakini chanzo chake ni jambo la kila siku. Ukinunua kuku sokoni Shekilango leo ukamwachia leo, hutamwona tena. Unamfunga kamba siku kadhaa mpaka alizoee banda. Kwa hiyo ukikuta kuku anaburuta kipande cha kamba, jua amenunuliwa karibuni, na mwenye hasara yuko mitaa ya jirani anamtafuta. Kitambaa cha rangi ni alama ya nyumba. Wengine hukata ukucha mmoja, wengine hupaka rangi bawani. Kuku mwekundu mwenye ncha ya mdomo iliyokatwa katoka kwenye banda la kuku wa mayai, maana huko ndiko hukatwa midomo ili wasidonoane. Na ukimkuta mweupe, mzito, kifua kimechafuka, anahema mdomo wazi, huyo ni kuku wa nyama aliyechomoka kwenye tenga la pikipiki muda si mrefu. Ameumbwa kufika karibu kilo mbili kwa wiki tano au sita, basi. Kukimbia gari hajui, kuchakura hajazoea, jua linamwangusha. Mpe maji na kivuli kwanza, maswali baadaye.

Sheria nayo haiko upande wa kisu. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachoeleza wizi ni nini, kinamlinda aliyeokota kitu kama hamjui mwenye mali na ana sababu ya maana ya kuamini kwamba hawezi kupatikana. Sasa kuku mwenye kitambaa mguuni, katikati ya nyumba arobaini, utasema mwenyewe hapatikani? Waislamu nao wanajua habari ya kutangaza kilichookotwa kabla ya kukigusa. Mjumbe yupo, ofisi ya serikali ya mtaa ipo. Ila kwa uzoefu wangu, wapelelezi wa kweli ni watoto. Waulize wale wanaocheza gololi, watakutajia kuku wa mtaa mzima na tabia zao.

Mimi niliwauliza. Wakasema ni wa "bibi wa vitumbua", lakini bibi mwenyewe amesafiri kwenda Singida kwenye msiba. Basi nikasubiri.

"Kishingo ni kuku wa mganga"

Jirani yangu wa mkono wa kushoto alipoiona ile shingo tupu alimwaga chumvi mlangoni. Sikumcheka, maana hata nyumbani kwetu kuku mweusi, kishingo na kidimu wa manyoya yaliyojikunja walikuwa hawaachwi kuingia ndani.

Kishingo ni suala la urithi tu. Chembe moja ya urithi kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kuondoa manyoya shingoni na kuyapunguza mwilini kote. Wataalamu wa mifugo wanampenda kwa hilo, kwa sababu joto humtoka upesi, na katika nchi ya joto anakua na kutaga vizuri kuliko mwenzake aliyevaa koti zima. Kwa Dar es Salaam ya mwezi wa pili, kishingo ndiye aliyevaa nguo inayofaa. Weusi nao wengi siku hizi ni wale tunaowaita kuku wa Malawi, ambao asili yao ni aina ya Australorp kutoka Australia, wanaosifika kwa kutaga. Watu hupeleka kuku kwa waganga, sibishi. Lakini kuku aliyepelekwa huko si kawaida yake kurudi na kuja kula wali getini.

"Jogoo akiwika usiku kuna msiba"

Katika haya yote, hili ndilo limewatia wengi chunguni bila kosa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika, bila mchana wala usiku, na bado majogoo wakaendelea kuwika kwa majira yao. Saa iko ndani ya mwili. Ila waliona pia kwamba mwanga na sauti ya jogoo mwingine humchochea. Sasa mweke chini ya taa ya barabarani, bajaji zinammulika, na jirani ana jogoo wake: akiwika saa nane usiku, ushangae nini? Watafiti wale wale baadaye wakaonyesha kwamba kwenye kundi jogoo mkubwa kicheo ndiye huanza, wengine wanafuata kwa zamu ya ukubwa wao. Na ule usemi wa jogoo la shamba kutowika mjini uendelee kuwa usemi, maana majogoo wa Singida wanawika Kariakoo siku hiyo hiyo wanaposhushwa.

Kuku jike akiwika ndiyo balaa zaidi, huchinjwa kabla jua halijazama. Kinachotokea ni hiki: kuku jike hutumia ovari moja tu, ya kushoto. Ikiugua au ikiharibika, homoni za kike zinapungua, na kuku anaweza kuota upanga mkubwa na vipi vya miguuni kama vya jogoo, akawika kabisa. Ni mgonjwa, au mzee. Hatagi tena, kwa hiyo kama ni kumchinja mchinje kwa hesabu, usimchinje kwa hofu.

"Akili za kuku"

Tunatukanana kwa hilo. Nami nasema kaa barazani nusu saa umwangalie kuku mwenye vifaranga. Akipita mwewe au kunguru juu, anatoa mlio mmoja, mrefu na mwembamba, na vifaranga vinajikunyata palepale. Akitokea paka kwa chini, mlio ni mwingine kabisa, wa kukatakata na makelele, na kila mtu anasimama shingo juu kumtazama adui. Milio miwili kwa maadui wa aina mbili. Wanasayansi waliithibitisha kwa kuwarekodi na kuwachezea kuku wengine sauti hizo bila adui yeyote kuwepo, nao wakafanya vilevile. Kuhusu nani amdonoe nani, Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe aliyaandika hayo tangu miaka ya 1920, baada ya kuwatazama kuku wa nyumbani kwao tangu utotoni. Ndiyo maana kuku mgeni ukimwingiza bandani anapigwa: nafasi zote zimeshagawanywa.

"Mle huyo, hana kemikali"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii dhana inauzwa kwa bei. Tunaamini kwamba kuku akizurura ndiyo msafi, hana dawa, nyama yake ni tiba. Kwa kijijini, sawa, ina ukweli wake. Mjini inategemea anazurura wapi.

Kuku hula udongo pamoja na chakula, ndivyo anavyochakura. Kama mahali hapo pamechomwa mifuko ya plastiki, nyaya za umeme na viatu vya mpira, sumu ziitwazo dayoksini hubaki kwenye majivu na udongo. Hazitoki mwilini haraka. Hukaa kwenye mafuta, na kwa kuku anayetaga huingia kwenye kiini cha yai. Mwaka 2005 mayai ya kuku wanaozurura karibu na dampo la Dandora, Nairobi, yalipimwa yakakutwa na dayoksini nyingi. Rangi ya kiini haikusaidii kujua. Kiini huwa cha rangi ya chungwa kwa sababu ya majani na mahindi ya njano, na yai la jalalani linaweza kupendeza kuliko la dukani. Kama mtaani kwenu takataka huchomwa kila jioni, banda lenye uzio ni afadhali kuliko huo uhuru.

"Mchanganye tu na wako"

Shemeji yangu alinishauri hivyo kwa nia njema: una kuku wanne, huyu wa tano, bibi akirudi utampa. Nikakataa. Mgeni alilishwa nje ya geti, na bakuli la paka halikuingia ndani.

Sababu ni kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo. Kuku anaweza kuwa na kirusi chake siku kadhaa, hata wiki mbili, kabla hajaonyesha dalili. Akianza, utaona anahara kijani, anapumua kwa shida, wengine wanapinda shingo na kuzunguka kama waliolewa. Kundi lisilochanjwa linaweza kuisha lote. Dawa ya kuponya haipo. Maji ya mwarobaini, shubiri, pilipili kichaa, vyote nimeviona vikinyweshwa, na vyote nimeviona vikishindwa. Aliyepona alikuwa apone. Kinachofanya kazi ni kinga: chanjo ya I-2, hapa kwetu inajulikana kwa jina la TEMEVAC, tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, kwa hiyo majirani wakichangishana ni fedha kidogo sana kwa kila nyumba. Kuku mgeni atengwe wiki mbili au tatu, chombo chake cha maji kiwe chake, na uliyemhudumia nawa mikono kabla hujaenda kwa wako. Mkague na usoni. Viroboto hujipanga kuzunguka macho kama shanga nyeusi.

Kuna wanaokwenda upande wa pili na kudai kila kuku wa barabarani ana mafua ya ndege. Mafua hayo yapo, Uganda yaligundulika Januari 2017 kwa ndege wa porini na wa kufugwa pembezoni mwa Ziwa Viktoria. Lakini dalili ya kushtua ni vifo vya ndege wengi kwa pamoja, si kuku mmoja mwenye hamu ya wali. Ukikuta wengi wamekufa, usiwashike, usiwale, mwite ofisa mifugo wa kata.

"Asiyerudi jioni kashaliwa"

Bibi wa vitumbua alirudi kutoka Singida siku ya Ijumaa. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya kishingo. Akapiga makofi mara moja. Alikuwa ameshamhesabu kuku huyo kuwa marehemu, maana wajukuu walimpigia simu kwamba halali bandani tangu majuzi ya majuzi.

Akaniuliza maswali matatu. Anakuja mara ngapi? Mara moja kwa siku. Anakula vipi? Mbio mbio. Mavi yake? Nikaona aibu kujibu, lakini nilikuwa nimeyaona: bonge moja kubwa lenye harufu kali. Bibi akacheka mpaka akashika ukuta.

Kumbe ndiyo habari yenyewe, nami nafuga na sikuijua. Kuku aliyepata mahali pa siri hutaga hapo kidogo kidogo mpaka mayai yatoshe, kisha analala juu yake siku 21. Hatoki ila mara moja kwa siku, dakika chache, ale, anywe, ajisaidie yote kwa mkupuo mmoja, arudi kabla mayai hayajapoa. Manyoya kayafutua, anakwaruza sauti ya koo, hataki mazungumzo. Ukimfukuza au ukimfungia kwako siku moja kwa kumhurumia, mayai yote yanapoa na vifaranga vinafia ndani. Pale getini kwangu, kumkamata ndilo lingekuwa kosa kubwa kuliko yote.

Bibi hakutaka tumtafute mchana. Kuku akiogopa anaweza kuyahama mayai, na kunguru wa Dar wakikuona unachungulia mahali nao wanakuja kuchungulia. Tukaendelea kumwekea wali. Siku ya kumi baada ya hapo hakuja kabisa. Usiku baada ya swala ya isha bibi akabisha hodi na tenga mkononi, kwa kuwa gizani kuku haoni na hakimbii. Tukaingia pagalani, tukamkuta nyuma ya rundo la matofali, juu ya mfuko wa saruji uliochanika. Akanidonoa mkono sawasawa. Chini yake vifaranga tisa, vitatu vina shingo tupu kama mama yao.

Yalibaki mayai mawili. Bibi akayatikisa sikioni moja moja, akayatupa ng'ambo ya ukuta.

"Viza," akasema. "Mulika hapa, mwanangu, kuna kingine kimeingia kwenye tofali."