Mvua ikichelewa, msimu hausogei mbele

Machi ikipita kavu, wakulima wa mahindi wa Kahe na Himo, kwenye tambarare karibu na mji wa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, hupeana faraja ileile: "Mvua imechelewa tu, itafidia mwishoni."

Mara nyingi haifidii. Masika huletwa na ukanda wa mvua unaopanda kaskazini ukilifuata jua. Ukishapita, mvua hupungua kuelekea mwisho wa Mei, iwe ilianza Machi au katikati ya Aprili. Msimu hupunguzwa mwanzoni, huku mwisho ukibaki karibu palepale.

Mahindi huumia zaidi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele na ndevu, takriban miezi miwili tangu kupandwa. Aliyepanda katikati ya Machi hufika hapo Mei, udongo ungali na unyevu. Aliyepanda mwishoni mwa Aprili hufika hapo mwishoni mwa Juni, kipupwe kimeingia: mawingu yameukumbatia mlima, tambarare haipati kitu. Atavuna mabua marefu na magunzi yenye punje za kuhesabu. Na jumla ya milimita za msimu huenda ikawa ya kawaida kabisa! Ndiyo maana wengi hulaumu mbegu.

Wenye vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga) na mifereji ya kumwagilia huko juu mlimani wana afadhali. Kwa wa chini, aliyechelewa achague mbegu ya muda mfupi, au mtama. Utabiri wa masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutaja pia mvua inapotarajiwa kuisha. Kwa kuchagua mbegu, tarehe hiyo ina uzito kuliko ya kuanza.