Maji hayafagii nafaka tumboni mwa farasi

Watunza farasi wengi wamefundishwa kwamba farasi akishakula nafaka asinyweshwe, eti maji yatazisomba punje nzima hadi utumbo mpana, apatwe na msokoto wa tumbo. Hofu hii ni ya zamani, na inamwacha mnyama na kiu bure.

Tumbo la farasi ni dogo, lita 8 hadi 15 tu. Maji yakiingia hupita kando ya chakula, moja kwa moja hadi utumbo mwembamba, na sehemu kubwa ya chakula hubaki nyuma. Mtazame akila nyasi kavu karibu na ndoo: hutafuna, hupiga mafunda machache, hurudi kutafuna huku midomo ikidondosha matone. Ndivyo alivyoumbwa.

Kinachosukuma nafaka mbele kabla ya kumeng'enywa ni wingi wake katika mlo mmoja. Wanga ukiuzidi utumbo mwembamba, hufika utumbo mpana, makao ya vijidudu vinavyochachusha nyasi. Hapo huchacha kwa kasi, asidi hupanda, na farasi huweza kuugua tumbo, hata kwato. Basi gawanya nafaka katika milo midogo, na ndoo ya maji iache palepale.