Mashine haijasema ubadilishe paji valvu: dhana potofu za EVAP ninazokutana nazo Mtwara

Leo naandika kwa hasira kidogo, mtanivumilia. Kwa asiyejua, EVAP ni mfumo unaoshika mvuke wa petroli wa kwenye tenki, unauhifadhi kwenye kanista (kopo lenye mkaa), halafu paji valvu inafunguka kuupeleka kwenye injini ukachomwe. Haipiti wiki hapa gereji bila mtu kuja na simu mkononi, kapiga picha ya skrini, hata gari hajaizima vizuri anauliza "fundi, mashine imesema paji valvu mbovu, spea yake shilingi ngapi?" Mashine hapo ni ile ya kusoma namba za makosa ya gari. Ukimwambia bosi wangu subiri kwanza tupime anakuangalia kama unataka kumla hela. Mwingine kashanunua kabisa, kaagiza Dar ikaja na basi, anataka nimfungie tu. Tunafunga. Baada ya siku chache taa ya cheki injini inawaka tena na namba ileile, halafu anayelaumiwa ni fundi.

Mashine haijasema hivyo jamani. Mashine imesema P0441, na maana ya P0441 ni kwamba kontroli boksi (kompyuta ya injini) ilitegemea mvuke wa petroli upite kiasi fulani kwa wakati fulani, ikaona haupiti inavyotakiwa. Basi, hayo mengine umeongeza wewe au imekuongezea ile programu ya simu unayotumia na kale kadude ka Bluetooth ka bei chee. Kontroli boksi haina macho kule chini ya gari, inachokiona ni umeme kwenye waya, presha ndani ya tenki kama gari ina sensa hiyo, na jinsi fyueli trimu (yale marekebisho yake ya kiasi cha mafuta) inavyobadilika valvu ikifunguliwa. Sasa mvuke unaweza usipite kwa sababu mpira umechanika, au kanista imeziba, au njia ya hewa kule nyuma imeziba kwa udongo, au waya umekatika, au ni kweli valvu imekufa. Sababu tano zinatoa namba moja, na wewe kwenye hizo tano umechagua ile inayouzwa dukani.

P0443 ndo inaniudhi kuliko zote maana yenyewe hata haizungumzii mvuke, inazungumzia umeme wa paji valvu. Inaweza kuwa koili ya ndani ya valvu imekatika, sawa, lakini inaweza kuwa fyuzi, waya au soketi. Na hapa kwetu pwani mimi soketi ndo naianza kabla ya kitu chochote, magari yanayolala Shangani au Mikindani karibu na maji ukichomoa soketi unakuta pini zimeota ile kutu ya kijani. Msimu wa korosho nao una mambo yake, gari inapaki jirani na ghala wiki nzima, panya wanapanda kwenye injini wanatafuna waya na mipira. Utabadilisha valvu ngapi kwa kazi ya panya?

Kupima kwenyewe hata hakuchukui muda. Unaweka swichi on bila kuwasha injini, unachomoa soketi ya valvu, unapima kwa mita, pini moja lazima iwe na volti za betri. Hamna volti? Hiyo valvu iache, fuata fyuzi na waya. Volti zipo, pima ukinzani wa valvu yenyewe, nyingi za Toyota zinaangukia omu ishirini na kitu mpaka thelathini na kitu, ila kipimo cha gari yako kipo kwenye kitabu chake usinishike mimi. Waya wa pili ndo ule kontroli boksi inaupeleka ardhini kwa kukatakata, kwa hiyo ukiweka taa ya kupimia ya LED injini ikiwa imepata moto utaona inapepesa. Ukiuona huo mpepeso na valvu inasoma vizuri, umeme uko salama, sasa twende kwenye hewa.

Na hapa kuna watu wananiambia "fundi valvu nzima, nimeisikia inalia ta ta ta." Kulia ni koili kuvuta tu, haimaanishi inafunga vizuri! Paji valvu isipokuwa na umeme inatakiwa ifunge kabisa. Washa injini iache itulie, chomoa soketi ya valvu, vua mpira wa upande wa kanista, weka kidole. Ukisikia inanyonya hiyo valvu inavujisha hata kama inalia kama kinanda. Isiponyonya ipe umeme sasa, ikianza kunyonya iko nzima, irudishe na hela yako weka mfukoni.

Kitu kingine ninachowasisitizia mpaka vijana wangu wananicheka: ukivua valvu igongegonge juu ya karatasi nyeupe. Zikitoka chembe nyeusi ujue kanista imepasuka ndani, mkaa wake unasafiri kwenye mipira na ndo uliokwamisha valvu. Hapo ukifunga valvu mpya peke yake umeilisha mkaa, itakwama tena, mpaka kanista ibadilishwe na mipira ipulizwe. Hizi valvu za mtumba zinazoshindwa "bila sababu" nyingi ukizigonga zinamwaga mkaa.

Zile namba za kuvuja nazo, P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 ni mdogo, tundu la kama milimita 1, P0456 ni mdogo zaidi, kama nusu milimita. Sasa tundu la nusu milimita utalionaje kwa macho chini ya gari yenye vumbi la kutoka Newala? Hapo ni mashine ya moshi, unapeleka moshi kwenye mfumo kwa presha ndogo sana, usizidi psi 1, venti valvu (ile ya njia ya hewa ya kanista) ikiwa imefungwa au mpira wake umebanwa, halafu unazunguka na tochi. Venti ikibaki wazi moshi wote utatokea huko na utamwambia mteja kanista inavuja wakati nzima. Na tafadhali sana, msiunge kompresa ya matairi kwenye tenki la petroli. Nimeona watu wanafanya. Ile presha inapasua kanista na tenki, tena unachanganya hewa na mvuke wa petroli ndani ya gari ya mtu, na pembeni hapo kuna jamaa anachomelea.

Ya pili ni hii: "wameniuzia mafuta yamechakachuliwa." Mtu anatoka kujaza sheli, anapiga stata gari haiwaki mpaka akanyage mafuta, ikiwaka inatetemeka kidogo halafu inatulia. Moja kwa moja lawama kwa sheli. Sikatai mafuta mabaya yapo, ila jiulize, ikiwa inakusumbua ukitoka kujaza tu, kila sheli unayokwenda, na ukishaendesha dakika chache inapona, mafuta mabaya yanaponaje njiani? Hiyo ndo dalili yenyewe ya paji valvu iliyokwama wazi. Wakati unajaza mvuke wa tenki unasukumwa kwenda kwenye kanista, valvu ikiwa wazi unapitiliza mpaka kwenye manifoldi (njia ya kuingizia hewa kwenye injini), ukipiga stata injini inakuta petroli imezidi hewa. Kukanyaga mafuta kunaingiza hewa ndo maana inawaka. Kwa hiyo mjue, na mimi simtetei fundi yeyote wala spea yoyote, wakati mwingine kweli valvu ni mbovu, ila umeijua kwa dalili na kipimo, hujaijua kwa picha ya skrini.

"Jaza mpaka shingoni, naenda Dar." Hii nayo! Naelewa, kutoka hapa Dar ni zaidi ya kilomita 500 na mtu hataki kusimama ovyo kule katikati ya Nangurukuru na Kibiti. Lakini bomba likishajikata lenyewe mara ya kwanza basi, muache kijana achomoe. Ile nafasi inayobaki juu ya tenki imeachwa makusudi, petroli ikipata joto inatanuka, na joto la kwetu mnalijua. Ukijazia na kutikisa gari ili iingie zaidi petroli yenyewe, siyo mvuke, inaingia kwenye kanista. Mkaa wa mle umetengenezwa kushika mvuke, ukilowa petroli umeharibika kazi yake, harufu inaanza, gari inawaka kwa shida na inatoa moshi mweusi. Na lita mbili ulizoongeza hazikufikishi hata Lindi. Kuna mmoja aliniuliza kama anaweza kupasua kanista aweke mkaa wa kupikia, nikadhani ananitania kumbe yuko serious. Hapana ndugu yangu. Ule umesindikwa ukawa na vitundu vidogo vidogo visivyohesabika, wa jikoni uache na ugali wake. Wala usianike kanista iliyolowa petroli juani nyuma ya nyumba watoto wanapocheza.

Kinyume chake, kama bomba la sheli linajikata kila sekunde wakati tenki liko tupu, usigombane na mhudumu. Njia ya hewa ya kanista imeziba, mara nyingi ni vumbi na tope, na nyigu nao wanapenda kujenga kwenye vile vimpira.

"Ni mfuniko wa tenki tu, kaza." Kweli mfuniko unasababisha, hasa raba yake ikikauka ikapasuka, na wale mlioziba kwa kitambaa na mfuko wa rambo nawaona. Ila mfuniko hauwezi kuleta P0443 hata siku moja. Na ukiukaza leo taa haizimi leo, gari inataka ijipime yenyewe safari kadhaa ikaridhike, na haijipimi ovyo, nyingi zinataka mafuta yawe kati ya asilimia 15 na 85 hivi na injini iwe imelala ikapoa. Wewe unayetembea taa ya mafuta ikiwaka mwaka mzima, gari yako haijapata hata nafasi ya kujipima.

"Gari yangu haijawasha taa kwa hiyo EVAP nzima." Nyingi ya gari zetu zimetengenezwa kwa soko la Japani, na nyingi ya hizo zina kanista na paji valvu lakini hazina ule mpango wa kujipima uvujaji kama za soko la Marekani. Zinavuja kimyakimya, mashine yako inakwambia hakuna kosa, na petroli inanuka mpaka sebuleni. Pua yako hapo inashinda mashine. Harufu ya petroli siyo kawaida ya gari ya zamani, itafute.

Za soko la Marekani nazo zina vituko vyake, baadhi ya Toyota zinajipima gari ikiwa imezimwa, kama masaa matano baada ya kuzima, kipampu kidogo kule nyuma kinanguruma. Mama mmoja wa Masasi alikuwa na uhakika kuna kiumbe kinalala chini ya gari yake usiku. Ni pampu mama, kisomo haihitaji.

"Ng'oa huo mfumo, huku kwetu nani anapima moshi." Tenki linatakiwa kupumua. Ukiziba kila kitu, pampu inavuta mafuta hewa haiingii, tenki linabanana, pampu inahangaika na gari inazima barabarani. Ukiacha wazi, mvuke wa petroli unazagaa chini ya gari jirani na ekzosi. Na ule mpira wa kwenye manifoldi ukiachwa bila kizibo injini inanyonya hewa isiyopimwa, inatetemeka, halafu unaniletea uniambie sensa ya hewa imekufa.

"Inakula mafuta sababu ya EVAP." Tundu dogo la mvuke hutaliona kwenye matumizi. Valvu iliyokwama wazi ndiyo inaweza kuvuruga mchanganyiko. Nyingine angalia plagi, tairi na mguu wako.

Psss ukifungua tenki mchana wa jua ni kawaida. Ila ukifungua likavuta hewa kwa nguvu kila siku, njia ya hewa imeziba, lete.

La mwisho, kufuta namba. "Jamaa wa mtaani kanifutia, ikapona." Haijapona, imesahau. Na ukifuta umenifutia na mimi ile data iliyohifadhiwa wakati kosa linatokea, joto la injini, spidi, mafuta yalikuwa kiasi gani, vitu ambavyo vingenionyesha pa kuanzia. Sasa inabidi tusubiri siku kadhaa itokee tena ndo uanze kusema fundi anazungusha. Ilete taa ikiwa inawaka hivyohivyo, tenki liwe nusu, na spea usinunue.